Kulabu za Shaba

Mume wangu Sefu ni sonara hapa Kisangani, na mdomo wake ni mzito. Anayesema nyumbani kwetu ni mimi, tena nasema vizuri.

Juzi alikuja Nyota, binti wa mtaa wa Simi-Simi, amepanda toleka, ile baiskeli ya kubeba watu, na kitambaa amekikumbatia. Ndani mna hereni mbili za mawe mekundu ya grenat, zimezungukwa na lulu ndogo. Anaolewa Jumamosi, na kwao bibi-arusi huvaa hizo tangu bibi wa bibi yake alipotoka nazo Maniema. Ila mama yake alipokufa, mashangazi walianza kusema kwamba marehemu aliuza zile za kweli akaacha vioo. Ushahidi wao? Kulabu za kutundikia masikioni ni za shaba, za juzijuzi. Nyota hakuuliza bei. Alitaka kujua kama mama yake alikuwa mwizi.

Loo, mashangazi hao! Mtu anapimaje umri wa hereni kwa kulabu, nayo ndiyo inayokatika kila mara?

Sefu alisugua lulu kwenye jino. Ya kioo huteleza. Hii ilikwaruza kama mchanga. Akageuza hereni: nyuma ya mawe pamezibwa kabisa kwa dhahabu. Alisema hata babu yake, sonara naye, hakuikuta tena kazi ya namna hiyo. Bon, zina miaka zaidi ya mia.

Alipofika kwenye kulabu akaisogeza machoni. Ncha yake ilipindwa mara mbili. Mji mzima ni yeye tu anayepinda hivyo, na nimemcheka kwa hilo tangu anioe.

Akakumbuka. Mwaka wa elfu mbili, mabomu ya vita vya hapa mjini yalipotulia, mwanamke alimjia na mtoto mgongoni anayewaka homa. Aliomba Sefu akate kulabu za dhahabu tu, azinunue, amuwekee za shaba. Sefu alimwambia mawe yangempa dawa na chakula cha mwezi. Mama huyo alikataa.

"Alisema nini, papa?" Nyota aliuliza.

"Alisema mawe iko ya huyu mutoto, siku ataolewa."

Nyota akalia, nami nikalia naye, sioni haya. Sefu akataka kumuwekea kulabu za dhahabu, zawadi ya arusi. Nyota akafunga kitambaa upesi.

"Hapana, papa. Usiziguse."

Jumamosi tulikwenda arusini. Kwa joto lile shaba ilimwachia kijani kidogo masikioni. Shangazi mmoja akanyanyuka na leso amfute. Nilimshika mkono shangazi huyo, asimfute.