Selipher na Mtihani wa Raghad

Selipher alikuwa na mwaka wa tatu akifanya kazi za ndani katika nyumba moja ya mtaa wa Al-Nuzha, Jeddah, tangu wakala amtoe kwao Vihiga, Kenya. Raghad, binti wa nyumba hiyo, alikuwa akisomea udaktari. Alikuwa ameshaanguka mara moja mtihani wa kuzungumza na watoto wadogo. Akianguka tena, angerudia mwaka mzima.

Alasiri moja ya mwaka 2016 alifanya mazoezi kwa mpwa wake Turki, wa miaka mitatu. Alisimama akimwinamia, kifaa cha kusikilizia moyo shingoni, akatabasamu.

"Habibi, tumbo linauma wapi?"

Turki alipiga ukelele, akajificha nyuma ya sketi ya Selipher.

"Daktari, umemvamia kama polisi wanaokagua ikama za ukaazi," Selipher alimwambia kwa Kiarabu chake cha jikoni.

"Nifanyeje? Nimesoma kurasa arobaini!"

"Ziweke kando. Kaa chini. Usimwite. Shika kazi."

Kwao Selipher, mgeni hakuwa akimwita mtoto. Aliketi, akavuta ungo, akachambua maharagwe na mama wa nyumba, mpaka mtoto aje mwenyewe kumgusa goti. Hakuna aliyefundishwa hayo. Kila msichana wa miaka minane aliyajua kwa sababu kila mmoja alibeba mdogo wake mgongoni. Siku hizi hata huko kwao mtoto huachiwa simu anyamaze, na jambo la uani limekuwa somo la chuo kikuu.

Raghad aliketi sakafuni, akavuta maharagwe ya Selipher, akayachambua vibaya, mazima akitupa na mabovu akiacha. Turki alichungulia, akasogea, mwishowe akaokota harage moja lililotobolewa na wadudu.

"Hili linaumwa."

"Na wewe je?" Raghad aliuliza bila kuinua macho.

Turki alifunua tumbo.

"Dakika ishirini!" Raghad alilalamika baadaye. "Mtihani ni dakika kumi."

"Waliozipanga hizo kumi wana watoto kweli?"

Siku ya mtihani Raghad aliketi sakafuni mbele ya kitoto cha kike, akaanza kuviringisha pamba. Msimamizi alitazama saa. Dakika ya nane mtoto alikuja, akachukua kipande cha pamba, akaonyesha sikio lake. Raghad alichungulia hilo moja tu, muda ukaisha.

Alifaulu, kwa kuponea chupuchupu. Alimsomea Selipher jikoni alichoandika msimamizi: anapoteza muda mwingi.

"Mtoto alilia?" Selipher aliuliza.

"Hakulia."

"Halas, basi yatosha," alisema Selipher, akaendelea kuosha sufuria.