Nimevuliwa ubingwa wa ubao wa misumari

Kwa huzuni kubwa natangaza: leo, hapa nyumbani kwa mama, Mtanda, nimepoteza ubingwa wangu wa utotoni wa ubao wa misumari.

Wa rika langu mnaukumbuka? Unavuta mpira wa tyubu, gololi inagongagonga misumari, inaangukia shimo lenye pointi. Tuliugombania kuliko ubwabwa.

Mama alisema atakayeshinda, mimi au dada Zuhura, aondoke nao.

Gololi zilishapotea. Tukaazima komwe kwenye bao la baba.

"Bingwa gani wewe? Ulikuwa unacheza peke yako!" dada akanicheka.

Nikakosa. Naye akakosa. (Asikudanganyeni.)

"Hebu nipisheni," mama akasema.

Komwe ikatua shimo la mia.

Akaubeba ubao, akaurudisha juu ya mtungi wa maji.

Mtungi hauna kifuniko kingine.