Vibendera vya Mama Deolinda

Wilma Koskela alizoea kutembea nyuma ya wenzake. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu kweli, lakini sababu haikuwa hiyo. Mtengeneza njia hujifunza mengi zaidi kwa kutazama miguu ya watu kuliko kwa kutazama ramani. Mahali wanapokata kona, njia ina kosa. Mahali wanaposimama bila wenyewe kujua kwa nini, njia imefanya kazi yake. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa ameitazama miguu hiyo juu ya magenge ya bahari na chini ya miti mirefu ya mashina mekundu, na hakuna mtembezi hata mmoja aliyewahi kuuliza ni nani aliyechimba. Hilo halikumsumbua. Njia nzuri, alipenda kusema, ni kama chumvi kwenye mchuzi: ukiitambua, imezidi.

Baba yake, mzee Toivo, alikuwa mkata miti. Miti ambayo Wilma alipindisha njia ili asiumize mizizi yake ni ile ambayo shoka la baba yake halikuwahi kuifikia. Hawakugombana juu ya jambo hilo hata siku moja. Mzee alipostaafu akawa anakuja Jumapili kutembea katika njia za bintiye, akigonga shina moja moja kwa fimbo.

"Huyu angetoa mbao za nyumba nne," alikuwa akisema.

"Ametoa kivuli, baba. Twende."

Mzee alifariki. Mume wa Wilma alikwenda kaskazini kutafuta kazi, akapata kazi na mke mwingine. Njia zikabaki. Na katika njia zote, aliyoipenda kuliko nyingine ilikuwa ile ya maili tatu inayoanza kwenye nyasi za juu ya genge, bahari ikiguna chini, kisha ikageuka na kuingia msituni, ambako upepo hukatika ghafla kama mlango umefungwa. Hiyo ilikuwa njia yake ya kwanza. Aliichimba akiwa na miaka ishirini na minne.

Sasa bahari ilikuwa imeila. Mvua za mwaka uliopita zilipokwisha, genge lilikuwa limemeguka mahali pamoja, likaondoka na futi kumi na moja za ardhi na njia juu yake. Kipande cha mwanzo kiliishia hewani, na cha msituni kikabaki bila mlango wa kuingilia. Ofisi iliyomwajiri ikaandika barua fupi: kama njia mpya ya kuviunganisha haitapatikana kabla ya mvua za Novemba, vyote viwili vitafungwa, na havitafunguliwa tena. Wilma mwenyewe angestaafu Desemba.

Palikuwa na pahali pamoja tu pa kupita, napo ni katika malisho ya Mama Deolinda Bettencourt.

Mama Deolinda alikuwa na miaka themanini na mitatu na kondoo arobaini. Wazee wake walitoka visiwa vya Wareno kuja kukamua ng'ombe, na mjini walisema kwamba yeye hakuwahi kumpa mtu kitu bila kwanza kumnyima mara mbili. Wilma alikwenda kwake mwezi Septemba pamoja na Rufino Arce, fundi aliyefanya naye kazi miaka kumi na sita, mwanamume mnene mwenye mdomo usiopumzika. Walikaribishwa jikoni, wakapewa mkate mtamu na soseji za kukaanga, kisha wakatukanwa.

"Watu wenu wana ugonjwa gani wa kutofunga lango?"

"Tutaweka lango linalojifunga lenyewe, mama," Wilma alisema.

"Na mbwa wao? Mtawawekea lango mdomoni? Mwaka juzi wamenirarulia wana-kondoo watatu."

"Mbwa watapigwa marufuku."

"Marufuku!" Bibi akamgeukia Rufino. "Na wewe unakula tu, huna la kusema?"

"Mama, soseji hii imenifunga ulimi. Nikimaliza nitasema."

Mama Deolinda hakucheka, ila alimwongezea soseji. Kisha akamtazama Wilma muda mrefu. "Wewe ni binti wa Koskela. Mrefu yule, aliyekuwa haongei."

"Ndiyo, mama."

"Basi, binti Koskela, chomeka vibendera vyako njia itakapopita, nivione. Karatasi ya kutia saini iache hapo, chini ya bakuli la mayai. Sijasema ndiyo. Nimesema nivione."

Wilma, mwenye miaka hamsini na minane, alitoka nje akijisikia kama mwanafunzi aliyepewa mtihani.

Walifanya kazi siku mbili. Rufino alitangulia na fungu la vibendera vya rangi ya chungwa kwenye vijiti vya waya. Wilma alibaki nyuma na kifaa kidogo cha kupimia mwinuko, akifumba jicho moja. Juu kidogo. Shuka. Hapo hapo. Njia ikatoka polepole kwenye nyasi zilizokauka, ikavuka malisho kwa mstari laini kama mshono wa fundi hodari, ikaingia msituni na kumfikisha mtembezi, bila kumwonya, mbele ya mti mmoja. Hapakuwa na mti mkubwa kuupita huo katika bonde lote. Moto wa kale ulikuwa umelichoma tumbo lake na kuacha pango ambamo watu sita wangeweza kukaa, na bado mti ulikuwa hai. Wilma aliusikia siku nyingi kwa masimulizi. Hakuwahi kuuona.

"Dada, hapa watu watalia," Rufino alisema.

"Wasilie njiani tu. Machozi nayo ni maji, na maji huharibu njia."

 Njia hii itakuwa yangu ya mwisho, aliwaza, na itakuwa nzuri kuliko ya kwanza.

Asubuhi ya tatu walikuta vibendera vimehama.

"Ametuchezea!" Rufino akatupa kofia chini. "Bibi wa watu, miaka themanini, anatembea na ukungu kung'oa vibendera! Kama hataki si aseme hataki?"

Wilma alianza kuving'oa. Alivirudisha vyote kwenye mashimo yake, kimoja kimoja, goti likimlalamikia. Kesho yake vilikuwa vimehama tena, na safari hii kwenye kijiti cha kwanza palikuwa pamefungwa uzi wa sufu.

"Sasa anatucheka," Rufino alisema. "Twende tukamwambie."

"Ngoja."

"Tungoje nini? Mvua?"

"Rufino, tazama. Mtu asiyetaka njia anang'oa na kutupa. Hivi vimechomekwa." Aliinama. Kila kijiti kilikuwa kimesimama wima, na kati ya kimoja na kingine palikuwa na hatua kumi na mbili, si zaidi si pungufu, kama mtu anayepanda viazi. "Huyu ametengeneza njia."

Wakaifuata. Mstari wa bibi ulikuwa mbaya kwa macho. Ulipanda pasipo sababu, ukazunguka palipo wazi, kisha ukashika kijinjia cha kondoo kisichozidi upana wa kiganja. Katikati ya malisho Wilma alisimama, akageuka kutazama mstari wake mwenyewe kule chini, ule wa mshono. Nyasi za pale vibendera vyake vilipokuwa zilikuwa za namna nyingine, nyembamba, za mviringo, zenye kijani kibichi mwezi wa kiangazi. Alikuwa ameziona siku ile ya kwanza. Alikuwa ameziona na kuziruka, kwa kuwa kifaa kilikuwa kimesema ndiyo, na kwa kuwa mbele kulikuwa na ule mti.

Alikwenda akachimba kwa sepeto. Kwa kina cha goti shimo lilianza kutoa jasho. Walipomaliza kunywa kahawa lilikuwa limejaa maji nusu.

"Januari hapa pangekuwa uji," Rufino alisema kwa sauti ndogo.

"Na Februari njia ingeteremka yote baharini." Wilma akajifuta mikono. Aliona aibu. Miaka thelathini na minne alikuwa amewafundisha wenzake kwamba maji ndiyo bosi.

Lakini vibendera vitatu vya mwisho vilimshinda. Huko ndani ya msitu ardhi ilikuwa kavu na imara, na hata hivyo mstari wa bibi ulipofika kwenye kisiki kikubwa ulipinda kushoto, ukapita nyuma ya kichaka cha makangaga marefu na kwenda zake. Anayepita hapo asingeuona ule mti hata kidogo. Alikwenda peke yake hadi jikoni kwa bibi.

"Umechukua siku mbili," Mama Deolinda alisema akimenya vitunguu. "Baba yako angechukua moja."

"Kifaa kilinidanganya, mama."

"Kifaa hakina miguu. Kondoo hawakanyagi maji. Wameyapima malisho hayo miaka sitini, wala hawakuniomba mshahara."

"Nimeviacha ulivyovichomeka. Lakini vile vitatu vya mwisho, kwenye kisiki. Huko hakuna maji."

Kisu kikasimama. "Huko hakuna maji," bibi alikubali.

Wilma akangoja. Alikuwa binti wa mtu asiyeongea, alijua kungoja.

"Amaro aliponileta hapa kama bibi harusi," Mama Deolinda alisema hatimaye, "nyumba hii ilikuwa na watu kumi na mmoja. Mama mkwe, mawifi, watoto wa watu. Hapakuwa na pembe ya kulia wala ya kucheka. Nikapata ile ya ndani ya mti. Watoto wangu wawili waliokufa niliwalilia mle. Amaro naye nimemlilia mle. Bado naenda, nikiweza." Akaendelea kumenya. "Basi. Ni mti tu. Wewe ndiye fundi."

Wilma alitazama bakuli la mayai na karatasi iliyo chini yake. Angeweza kusema kwamba watu wana adabu. Angeweza kusema juu ya ubao wa tahadhari. Alijua miguu ya watu: ukiwafikisha mbele ya pango lile, kabla ya mwaka kwisha pangekuwa na majina yaliyochongwa na ngozi za machungwa. Alijua pia kwamba akikubali angestaafu akiwa ameuficha mti mkubwa kuliko yote aliyowahi kukutana nayo.

"Nitapinda kwenye kisiki," alisema.

"Hutajuta?"

"Nitajuta."

Mama Deolinda akamtazama, na kwa mara ya kwanza akatabasamu, meno machache. "Angalau husemi uongo." Akavuta karatasi, ikatoka na doa la kiini cha yai, akatia saini kwa herufi kubwa za mtoto wa shule.

Walichimba Oktoba nzima. Rufino alinung'unika kwenye kisiki kila siku ("tunawapitisha watu nyuma ya jumba la mfalme, dada, kama wapishi"), kisha mwenyewe akahamisha makangaga mengine sita na kuyapanda ukingoni, akiyamwagilia kwa maji yake ya kunywa. Mvua ya kwanza ilikuja siku nne baada ya wao kukusanya zana. Ikanyesha usiku na mchana. Ilipokatika Wilma alikwenda kuangalia: maji yalikuwa yamevuka njia na kushuka, hayakukaa wala kuchimba. Kule chini, pa ule mstari wake mzuri, palikuwa na dimbwi, na bata wawili ndani yake.

Jumapili watembezi wakaja. Wilma akatembea nyuma yao, akitazama miguu. Kwenye kisiki wote walipinda kushoto bila kuinua kichwa. Mwanamke mmoja tu alipunguza mwendo, akageuza uso upande wa makangaga kama mtu anayehisi kuna anayepumua chumbani, kisha akawafuata wenzake. Wilma alijuta, kama alivyosema. Halafu akaendelea kutembea.

Aliporudi, Mama Deolinda alikuwa ameegemea lango jipya, shali kichwani.

"Binti Koskela! Lango lako linapiga kelele kama nguruwe."

"Samahani, mama. Kesho nitakuja na mafuta nilipake."

"Nani amekuambia ulipake?" Bibi akalisukuma, akaliachia, na wote wawili wakalisikiliza likijifunga kwa mlio mrefu. "Liache hivyo hivyo. Nikiwa mle mtini nikalisikia, najua watu wameingia. Natulia mpaka wapite."