Gauni la Kuzikiwa

Nilikulia Kilolo, ambako baridi ilitulazimisha kuvaa sweta juu ya kila kitu, na hakuna aliyeona ulichovaa ndani. Hata hivyo nilipenda magauni kupita kiasi. Siku za mnada nilimfuata mama kwenye marundo ya mitumba. Yeye alichambua makoti, mimi nikatafuta magauni ya sherehe: ya lesi, ya satini, yenye malinda mpaka miguuni. Sikuomba kununuliwa. Niliyapindua nione yalivyoshonwa ndani, nikayarudisha.

Gauni zuri la kwanza kuingia nyumbani kwetu halikuwa langu. Dada yangu alikuwa anajiandaa kwa kipaimara, na mama akampatia gauni jeupe lenye lesi kifuani. Lilitundikwa msumarini chumbani kwetu, limefunikwa kanga lisiingie moshi. Dada hakuniruhusu kuligusa kabla sijanawa mikono, basi nikawa nanawa kutwa nzima.

Hakufika kwenye kipaimara. Alianza na homa, tukadhani ni mafua kama ya watu wote. Alipopelekwa hospitali alikuwa hamtambui hata mama. Alirudishwa amefunikwa shuka. Wanawake wa kanisani walipokuwa wakimvika, mimi nilisimama mlangoni na hakuna aliyekumbuka kunitoa. Mwili ulikuwa umekakamaa, mikono haikuingia. Mmoja wao akachukua mkasi, akalikata gauni mgongoni kutoka shingoni hadi chini, wakalilaza juu yake na kulichomeka pembeni. Waombolezaji wote walisema amependeza. Mimi nilijua mgongoni hana kitu, na kaburi lilichimbwa kwenye udongo uliolowa.

Nyumbani gauni lile halikutajwa tena. Nilipomaliza darasa la saba nilipelekwa Iringa mjini kwa shangazi yangu, fundi cherehani, nikashona naye sare za shule na za kwaya mpaka nilipoolewa Igawa. Mume wangu ana banda la useremala kando ya barabara kuu. Alianza na vitanda na milango, lakini malori ya barabara ile yalimletea kazi nyingine, na majeneza yakawa mengi kuliko vitanda. Mimi nikawa nashona kitambaa cha ndani. Wengine hukipigilia tu misumari. Mimi nilikikunja malinda, nikazungushia lesi.

Siku moja alikuja mfugaji wa Kisukuma kutoka bonde la Usangu. Binti yake alikuwa amegongwa na lori akivuka na ndoo ya maziwa. Alikuja kuchukua jeneza, lakini alisogea karibu na cherehani, fimbo mkononi.

"Mama, ndugu wanataka kumzika na shuka. Mtoto huyu alipenda magauni."

Nikamuuliza alipenda rangi gani.

"Sijui," akasema. "Sikuwahi kumuuliza."

Nilimshonea la waridi, lenye malinda kiunoni na lesi shingoni. Nililiacha wazi mgongoni tangu mwanzo, lakini upande mmoja ulilalia mwingine, na nikaweka kamba za kufungia, ili avikwe bila mkasi na afunikwe kote. Baba yake alilipokea kwa mikono miwili, akaondoka bila kuaga.

Baada ya hapo watu walianza kuniagiza. Nimewashonea mabibi, nimeshona na magauni madogo ya watoto ambayo hukamilika upesi mno. Wakati huohuo wateja wengine wakapungua. Jirani aliyekuwa amenipa kitambaa cha gauni la harusi la binti yake alikuja kukichukua, akasema wamebadili mawazo.

Mama alipokuja kunitembelea alikuta kazi imetapakaa mezani. Kesho yake asubuhi, tukinywa chai, akasema, "Mwanangu, shonea watu walio hai."

Nikamjibu kwamba walio hai wameenda kwa fundi mwingine. Hakucheka, na mimi sikuwa natania. Hakuingia tena kwenye chumba cha cherehani mpaka siku ya kuondoka. Nilimsindikiza kituoni, akanishika mikono, akavitazama vidole vyangu, kisha akapanda basi la Iringa. Nikarudi haraka, maana kulikuwa na watu bandani wananisubiri.