Jemadari wa Kwanza wa Uchina

Juzi pale Itungi, tukingoja mtumbwi, sajini Mjerumani aliyewahi kupigana Uchina alitupangia majemadari wakuu wa huko. Wa kwanza, alisema, alikaa langoni mwa mji akipiga zeze tu, na jeshi zima la adui likakimbia.

Mzee mmoja wa Ngonga akagonga fimbo chini. "Uongo! Nani amkimbie mtu asiye na hata mkuki?"

Mara akatokea mwanamke mwenye vyungu kichwani. Mzee alipomtambua tu, akatupa fimbo, akatumbukia kwenye matete.

Sajini akashika bunduki. "Nani huyo?"

"Mke wa mwanawe," tukamjibu. "Kwetu mkwe na baba mkwe hawaonani."

Sajini akampigia mama yule saluti. "Basi wa zeze awe wa pili."

Sikubisha. Nami nina mwana aliyeoa.