Kurasa za Bohari

Jumapili iliyopita nilikiweka chini kikombe cha chai ambacho sikuwa nimekionja. Nilikuwa kwa jirani hapa Ruiru, kwenye kikundi chetu cha wanawake wasomaji. Kila mwezi tunachagua kitabu, kila mtu anakisoma kwake, halafu tunakutana kukibishania tukila viazi vitamu. Safari hii mtu alileta riwaya ya zamani iliyochapishwa upya, ya mapenzi ya enzi za kujengwa kwa reli. Nilipoona jina kwenye jalada tu nililitambua. Nilimwogopa shujaa wa kitabu hicho utoto wangu wote, na nilidhani tumeshaachana.

Kama hukukisoma, rafiki yangu, kisa chenyewe ni hiki. Nyapara wa kambi ya reli anampenda binti wa mfinyanzi. Anamwoa, anamuuguza akishikwa na homa, anambeba mgongoni kuvuka mto. Siku binti anaposema anataka kwenda kumwona mama yake, nyapara anamfungia kwenye bohari la vifaa, gizani, kati ya sururu na mapipa ya mafuta, mpaka aape kwamba hatamwacha. Baadaye nyapara anavunjika mkono akimwokoa binti asiangukiwe na vyuma. Analia, anaomba radhi, anasamehewa, kitabu kinaisha.

Mwenye kitabu alitusimulia kisa, na wanawake wakagawanyika mara moja. Mmoja, muuguzi, alisema huyo ni mtu wa kupelekwa polisi, si wa kuandikiwa kitabu. Mwingine akamcheka. "Ai, mnamhukumu na macho ya leo. Wanaume wa kitambo walikuwa hivyo. Ukipenda boga, penda na ua lake." Wakabishana vizuri, kwa vicheko, mpaka binti yangu, ambaye amemaliza kidato cha nne juzi na nilikuja naye ili asikae peke yake nyumbani, akainua mkono.

"Mimi namwelewa huyo nyapara," alisema. "Alimfungia juu ya kuogopa kumpoteza. Kama hangempenda, si angemwacha tu aende?"

Hapo ndipo nilipokiweka kikombe chini. Maneno hayo nilikuwa nimewahi kuyasikia, karibu neno kwa neno, nikiwa mtoto, nyuma ya mlango uliofungwa kwa nje.

Nililelewa Makongeni, Thika, kwenye ploti ya vyumba vilivyotazamana, na uani bomba moja la watu wote. Asubuhi tuliamshwa na king'ora cha kiwanda. Mchana upepo ukigeuka ulileta harufu ya ngozi zinazolainishwa, na tulikula githeri tumeziba pua. Niliishi na Shosho, nyanya yangu mzaa baba, pamoja na Tata, shangazi yangu, kitinda mimba wa Shosho. Tata alikuwa msichana mkubwa aliyefanya kazi kwenye duka la vitambaa mjini. Alinukia vitambaa vipya, na kwangu mimi hapakuwa na mtu mzuri kumzidi.

Jumapili baada ya kanisa ilikuwa siku ya nywele. Jirani wa mlango wa tatu alikuwa msusi, na wanawake wa ploti walikuja kwake kusukwa kwa uzi mweusi, wakikaa mmoja mmoja kati ya magoti yake. Kitabu kilikuwa hicho kimoja tu, kimeng'oka uti wa mgongo, kimefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Basi ikawa desturi kwamba anayesukwa ndiye anayesoma, kwa sababu mikono yake haina kazi. Wengine walifua, Shosho alichambua maharagwe kwenye ungo, sisi watoto tulikaa mavumbini na kusikiliza. Msomaji mmoja akimaliza kusukwa, anayefuata anaanzia pale pale.

Ungewasikia wakibishana. Nusu ya ploti ilikuwa ya nyapara, nusu ilikuwa ya binti. Msusi, ambaye alikuwa amekisoma kitabu chote zamani na pia alikuwa amemkimbia mume, hakumpenda nyapara hata kidogo. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," alikuwa akisema kila nyapara alipoleta zawadi. Na ukimtetea nyapara huku kichwa chako kiko mikononi mwake, alivuta uzi mpaka nyusi zikapanda. Nywele za Tata ndizo zilizokazwa kuliko za wote. Alisoma huku machozi yakimtoka, akicheka, na bado akimtetea.

Jumapili ya bohari Tata hakuwepo. Alikuwa ametoka na mchumba wake, mwanamume mpole wa Ruiru aliyefanya kazi ya kusambaza maziwa. Aliyesukwa siku hiyo alisoma jinsi mlango ulivyofungwa, jinsi binti alivyopapasa ukutani, jinsi nyapara alivyokaa nje akimwimbia. Kuimba huko ndiko kulikonimaliza. Wiki nzima sikulala bila kupiga kelele, na choo cha uani nilikataa kuingia kwa sababu kilikuwa na komeo. Shosho aliufungua ule mpira, akazitoa kurasa za bohari, akawashia jiko.

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata Tata alipokaa kati ya magoti ya msusi, alianzia baada ya pengo. Alisoma nyapara akiwa na mkono uliovunjika, akilia na kuomba radhi. Akauliza anaomba radhi ya nini.

"Walikosana kidogo," alisema Shosho, bila kuinua macho kwenye ungo.

Msusi alifungua mdomo. Shosho akamtazama mara moja tu, naye akaufunga. Nami nilikaa pale mavumbini na siri ya watu wazima kifuani, nikimwogopa nyapara na nikimwogopa Shosho, sijui nani zaidi. Tata akasoma mpaka mwisho, akalia kwa furaha, na kabla ya Krismasi akaolewa Ruiru.

Likizo ya Agosti, ile ya baridi na mawingu ya chini, nilipelekwa kwake kutembea. Walikaa kwenye chumba kimoja cha mawe, katika ploti iliyo karibu na shamba la kahawa, dirisha likiwa na wavu wa chuma. Mume wa Tata alinipenda. Aliniletea maziwa ya pakiti na mandazi ya moto, aliongea polepole, hakuwahi kupaza sauti. Asubuhi ya kwanza alituaga vizuri, akatoka, akavuta mlango. Kisha nikasikia kufuli.

Nilimtazama Tata. Alikuwa akikoroga uji. "Huku kuna wezi," aliniambia. Haja tulifanyia kwenye ndoo yenye kifuniko mpaka jioni aliporudi. Nilizoea mandazi lakini kufuli sikulizoea. Kila asubuhi nililala nimejifunika kichwa ili nisisikie chuma kikigongana na chuma, na kila asubuhi nilisikia. Siku moja nilimwambia Tata kwamba hili ni bohari. Hakuelewa, au alijifanya hakuelewa. Alinishika mashavu akasema, "Anafunga kwa sababu anaogopa kunipoteza. Angekuwa hanipendi, angeniacha niende tu."

Jumapili moja Tata alimwomba ruhusa twende Thika kumsalimia Shosho. Mume wake alisema ni sawa kabisa. Tulioga, Tata akavaa rinda lake la kanisani, mimi nikapakwa mafuta mpaka magoti yakang'aa. Mume wake akatoka kwanza, na kufuli likalia. Tulidhani anatania. Kupitia wavu nilimwona ameketi kwenye kigoda juani, akimenya chungwa bila kukata ganda, akipiga mluzi taratibu. Tata aligonga mlango, akaita jina lake kwa upole, kisha bila upole. Mluzi haukukatika. Tata akarudi nyuma akaketi kitandani, na mara ya kwanza nikaona kwamba yeye pia anaogopa. Nilijikojolea pale nilipokuwa nimesimama, na mafuta yangu na soksi zangu nyeupe.

Sijui tungekaa hivyo mpaka lini. Shosho alikuwa amekuja kunichukua kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa. Nilisikia viatu vyake kwenye kokoto, nikamwona na kiondo chake begani. Mume wa Tata alisimama upesi, akampa mikono miwili.

"Wako wapi watoto wangu?" Shosho aliuliza.

"Wamelala, mama. Tusiwaamshe."

Shosho alitazama kufuli. Hakupiga kelele wala hakuomba ufunguo. Alikunja sketi, akaketi chini mbele ya mlango, miguu ameinyoosha. "Haya. Nitawangoja waamke," alisema. "Na nikingoja mimi hupiga hadithi."

Akaanza kuzisema zile kurasa, kwa sauti ya kuitana shambani. Kurasa alizozichoma kwa mkono wake alikuwa nazo zote kichwani: mlango, giza, sururu, binti akipapasa ukutani, nyapara nje akiimba. Milango ya ploti ikafunguka mmoja mmoja. Wanawake walitoka na mikono yenye sabuni, wanaume na magazeti yao. Waliangalia kufuli, wakamwangalia mwenye kigoda. Mume wa Tata alijaribu kucheka, akasema mama amechoka na safari. Shosho alimaliza, akarudia tena kutoka mwanzo. Alipofika kwenye sururu mara ya pili, mtu yule alitoa ufunguo mfukoni, akafungua bila kututazama.

Tulirudi Makongeni sote. Mume wa Tata alikuja na maziwa, na machozi, na wazee. Tata alimrudia mara moja, akatoka tena, halafu hakurudi.

Baada ya mkutano wa Jumapili nilimwacha binti yangu kwa jirani, sikwenda nyumbani. Nilikwenda Kiganjo, anakoishi Tata sasa, mzee mwenye nywele fupi nyeupe. Nilimwambia Tata alivyosema binti yangu. Kisha nikamwambia jambo nililolibeba miaka yote, kwamba kama Shosho asingezichoma zile kurasa, yeye asingekwenda Ruiru.

Alinicheka kidogo. "Nilizijua," alisema. "Msusi alininong'oneza zote siku ile ile, Shosho alipoingia ndani kubandika maharagwe. Hakuacha hata neno."

"Na bado ukaenda?"

"Nikaenda. Kila msichana anadhani bohari ni la mwenzake." Alinimiminia chai. "Na nikikisoma leo, pale mwisho bado nalia. Hapo ndipo ninapojiogopa."

Ile ploti imebomolewa, pamesimama nyumba za ghorofa, kila moja na bomba lake. Msusi alifariki, na nywele za uzi husukwi tena labda uombe. Hakuna anayemkalia mwenzake kati ya magoti huku akimsomea na kuvutwa kichwa kwa maoni yake. Shosho alifariki ungo wake ukiwa kando ya kitanda, tukamzika Gatundu. Wakati mwingine nafikiri kilichopotea zaidi ni ile milango iliyofunguka, watu waliotoka na sabuni mikononi. Hapa tunapoishi kila nyumba ina geti, na mtu akipiga kelele tunaongeza sauti ya televisheni.

Binti yangu amekisoma kitabu kizima, bila ukurasa kupungua, na kiko chini ya mto wake. Juzi aliniambia kuna kijana anataka kuja kunisalimia. Alikuja. Ana adabu, alinipa mikono miwili, na aliongea polepole. Huenda ni mtu mwema kabisa, na Mungu anisamehe. Walipotoka nilisimama nyuma ya pazia nikisikiliza geti likifungwa.

Siku hizi nikichambua maharagwe nafungua nakala yangu ya kitabu kando ya ungo, pale kwenye bohari. Nasoma ukurasa, naufunika, nausema kwa sauti. Wa kwanza nimeshaukariri. Nina haraka ya kuzimaliza zote.