Ruhusa ya Kutoka

Nyumbani kwetu Kabambare, ardhi ilipotikisika mama hakuacha hata kupepeta mchele. Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, paa la nyasi. "Hii ikianguka," alisema, "utatoka na majani mu nywele, basi." Mimi niliogopa shule. Shule ya masista ilijengwa kwa matofali na vigae, na baada ya tetemeko dogo la msimu wa mvua ufa ulitokea juu ya mlango wa darasa la wadogo. Humo ndimo alimosoma mdogo wangu wa kike, aliyekuwa ameanza shule mwaka ule. Kila asubuhi niliutazama ufa ule kabla ya kumwachia mkono.

Masista nao waliogopa, maana walianza kutufundisha. Mmoja wao alipanga viboksi vya viberiti juu ya meza, akaigonga kwa goti, vikaanguka. Tukacheka. Akatuambia radi ikipiga tusijifiche chini ya mti, mto ukijaa tusivuke, na ardhi ikitikisika tutoke mbio, tusimame uwanjani mbali na kuta. Wadogo walifundishwa somo hilo kwa kuimba, na mdogo wangu aliliimba nyumbani mpaka kuku wakalizoea.

Lakini shule ile ile ilikuwa na sheria nyingine, ya zamani zaidi, nayo haikufundishwa kwa wimbo bali kwa fimbo. Hakuna mtoto aliyetoka darasani bila kunyoosha kidole, kusema sentensi ya Kifaransa ya kuomba kutoka, na kungoja mwalimu akubali. Mdogo wangu alikwisha kujikojolea akingoja. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema. Huyu wetu walimkunja hata akasahau kwamba ana mgongo.

Ardhi ilitikisika kweli siku moja, jua likikaribia utosi. Sisi wakubwa tulitoka tukikanyagana. Uwanjani nilitafuta darasa la wadogo, sikuliona. Niliyemwona ni mwalimu wao, mwanamke wa hapo hapo Kabambare, amesimama na boksi la chaki kifuani. Alikuwa amekwenda kuzichukua stoo, na tetemeko lilimkuta njiani. Alitazama mlango wa darasa lake, midomo ikicheza, miguu haiendi. Sijui nani alinipa miguu mimi, nilikimbia.

Ndani, ardhi ilikuwa bado inaguna. Watoto wote walikuwa kwenye mabenchi yao, wamekaa wima, kila mmoja na kidole juu, wakitazama kiti kitupu cha mwalimu. Wengine walilia, lakini hakuna aliyeshusha kidole.

"Mutoke," nilisema.

Walinitazama tu. Mdogo wangu mwenyewe hakusogea. "Yaya," aliniambia, ndivyo tunavyowaita dada wakubwa, "weye hauko mwalimu."

Hasira ilinipanda kuliko hofu. Nilichukua fimbo iliyokuwa mezani, nikaipiga juu ya meza kwa nguvu, nikakaza sauti kama yule mwalimu wao: "Musimame. Mutoke." Ndipo wakatoka, tena wawili wawili, taratibu, kama wanakwenda kusali, na mimi nyuma yao nikiwasukuma huku nalia.

Vigae tulivisikia vikianguka tukiwa tayari kwenye nyasi. Havikuwa vingi. Vumbi lilipotua tuliviona kupitia dirishani: vilikuwa vimelala juu ya benchi la mbele, la wadogo kuliko wote, pale alipokaa mdogo wangu.

Mwalimu alikuja. Sauti iliyomtoka ilikuwa ile ile ya kila siku. "Nani aliwapa ruhusa?" aliuliza. Watoto wote walinigeukia. Kisha naye akachungulia dirishani, akaliona benchi, akakaa chini pamoja na chaki zake.

Mdogo wangu alinishika nguo. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, nami nikamkumbatia nikidhani ameona vigae. Alinivuta sikio karibu na mdomo wake.

"Yaya," alinong'ona, "watakupiga?"

Nilimwambia sijui. Na kweli sikujua.